Ukitaka muziki wa asili wa Ayalandi na Uskoti, sachi majina ya watu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu ndugu yetu wa Chumbageni, Tanga, aliyeandika humu wiki chache nyuma kwamba anaupenda sana muziki wa asili wa Wakelti, yaani ule wa kienyeji wa Ayalandi, Uskoti, Wales na kule Bretagne upande wa Ufaransa, lakini kila akidaunlodi anaishia kupata vinanda vya kompyuta vilivyochanganywa na sauti ya mvua na mawimbi, vitu vya kulalia, bando limeisha na roho haijaridhika. Kijana wenu wa safu ya teknolojia akamjibu hapo hapo chini kwamba aandike neno Celtic, yaani Kikelti, kwenye sehemu ya kusachi halafu achague pleilisti yenye wafuasi wengi. Mhariri, ile safu naiheshimu na naisoma kila ikitoka, ila kwa hili amemwelekeza mtu arudi kule kule alikotoka analalamika. Mi natengeneza zeze na ilimba, ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, hapa Dunda, Bagamoyo, huu muziki unalia kibandani kwangu kuanzia asubuhi, na nikiona mtu anaupenda halafu anakaribia kukata tamaa kwa sababu ya maelekezo mabovu siwezi kukaa kimya.

Muziki wenyewe upo mtandaoni, tena mwingi na mzuri mno, ila kwa jina la jumla huupati. Unaupata kwa jina la mpigaji, jina la kijiji chake, jina la lebo iliyomrekodi. Ndugu yangu wewe ni mtu wa Tanga, mji wa Black Star na Lucky Star, hivi ukitaka kumsikiliza Bi Shakila utaandika "muziki wa Afrika" kwenye simu? Utaletewa ngoma za mahotelini na mlio wa simba. Utaandika Shakila, au Lucky Star, na ukishampata mmoja anakupeleka kwa mwenzake, basi na hawa jamaa ni hivyo hivyo.

Sasa kwa nini lile neno la jumla linaleta takataka, sababu zipo na zinaeleweka. Tuni za asili hazina mtunzi anayedai chake, zingine zina miaka zaidi ya 200, kwa hiyo yeyote akizirekodi hamlipi mtu. Mtu mwenye kompyuta na programu ya kinanda anaweza kukaa chumbani akatengeneza albamu nzima bila kuijua Ayalandi, akaweka kava lenye ngome, ukungu na kilima cha kijani, akaandika Celtic mara tatu kwenye kichwa cha albamu, ikaingia sokoni. Halafu jinsi huduma za kusikiliza zinavyohesabu, Spotify kwa mfano inahesabu wimbo umechezwa ukishafika sekunde 30, sasa muziki wa kulalia mtu anauacha unaimba usiku kucha unahesabiwa tu, wakati mzee anayeimba peke yake dakika sita kwa Kiayalandi bila chombo chochote anasikilizwa na wachache wenye hamu naye. Mashine inayochagua nini kikae juu inaangalia hesabu, haina masikio. Na tangu mwaka 2024 huko huko Spotify wimbo ambao haujachezwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi hela kabisa, kwa hiyo yule mzee wa kijijini ndo anazidi kusukumwa nyuma.

Sababu nyingine ni santuri za zamani. Sheria ya Ulaya ilikuwa inalinda rekodi miaka 50, baadaye wakaongeza ikawa 70 lakini zilizotoka kabla ya 1963 zilikuwa zimeshatoka kwenye ulinzi zikabaki hivyo, maana yake mtu yeyote anaruhusiwa kuchukua santuri za zile enzi akazipandisha anavyotaka, hata kama ameinyonya sauti kutoka kwenye santuri iliyochakaa inayokwaruza mwanzo mwisho. Ndo maana ukimtafuta Michael Coleman utamkuta kwenye makusanyo kibao ya bei ya chini na karibu kila moja linasikika tofauti. Huyu Coleman ni mpiga fidla wa Sligo aliyezaliwa 1891, akaenda Marekani 1914, na kuanzia miaka ya 20 akarekodi santuri zilizorudi Ayalandi zikasikilizwa vijijini mpaka wapigaji wa mikoa mingine wakaanza kuiga mkono wa Sligo. Mtu mkubwa kiasi hicho halafu unamkuta ametupwa katikati ya nyimbo za baa, hakuna mwaka, hakuna jina la aliyempigia piano! Kwa Coleman tafuta kazi iliyokusanywa na Harry Bradshaw mwaka 1992 ikatoka kupitia Gael Linn, ile imesafishwa na mtu anayejua anachofanya, ukishaisikia hutarudi kwenye zile zingine.

Njia ninayoiamini mimi ni ya kufuata watu, na naomba niieleze kwa kirefu kidogo maana inaanzia hapa hapa nyumbani. Bagamoyo nzima inamjua Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeishi hapa na kufundisha pale Chuo cha Sanaa ambacho sasa ndo TaSUBa, bingwa wa ilimba na zeze, alifariki 2003 na familia yake inaendelea kupiga mpaka leo. Kazi zake za miaka ya 90 zilitoka kwenye lebo ya Real World, ya Peter Gabriel kule Uingereza, na hata akina Pendo na Leah Zawose walipotoa albamu yao 2024 ilitoka lebo ile ile. Sasa ukiwa kwenye ukurasa wa Mzee Hukwe bonyeza jina la lebo uone nani mwingine yumo. Utamkuta Ayub Ogada wa Kenya na nyatiti yake, chombo cha nyuzi cha Waluo. Mfuate Ayub utamkuta kwenye albamu ya kwanza ya kundi la Afro Celt Sound System, 1996, Real World tena. Hiyo sio muziki wa asili, ni mchanganyiko wenye mashine za ngoma, lakini angalia majina ya waliomo ndani, kuna wapiga zumari Ronan Browne na Davy Spillane, kuna Myrdhin wa kinubi kutoka Bretagne, na kuna mwimbaji anaitwa Iarla Ó Lionáird. Mshike huyo Iarla usimwachie.

Iarla amekulia Cúil Aodha, kijiji cha kaunti ya Cork ambako watu wanaongea Kiayalandi, na anaimba ile staili yao ya kale wanayoiita sean-nós, sauti tupu, hakuna gitaa hakuna ngoma, mwimbaji anapamba kila mstari kwa vikorombwezo vyake na hakuna ubeti unaofanana na uliopita. Ndugu wa Tanga, mtu aliyezoea kusikiliza kasida hawezi kupata shida na sean-nós, masikio tayari unayo. Huyu Iarla ni mjukuu wa ukoo wa Bess Cronin, bibi mmoja aliyezaliwa 1879 akafariki 1956, ambaye kichwani alikuwa na nyimbo sijui alizihifadhi vipi zote zile, za Kiayalandi na za Kiingereza, na watu walisafiri kumfuata nyumbani kwake kumrekodi. Mmoja wa waliomfuata ni Alan Lomax, Mmarekani, mwaka 1951, na rekodi za safari yake ya Ayalandi zimewekwa mtandaoni kwenye hifadhi ya Lomax, unasikiliza bure kabisa bila kujiunga na chochote. Umeona tulikofika? Tumetoka Bagamoyo kwa Mzee Hukwe tumefika jikoni kwa bibi wa Cork, na hakuna mahali tumeandika lile neno Celtic.

Na mtu mwingine aliyemfuata Bess Cronin ni Séamus Ennis, na hapa Mhariri naomba usinikate maana huyu nampenda kuliko wote. Ennis alikuwa mpiga zumari na pia mkusanyaji, kuanzia 1942 Tume ya Ngano na Mila ya Ayalandi ilimwajiri akawa anazunguka vijijini kwa baiskeli, vita ya dunia inaendelea, petroli hakuna, ana kalamu na karatasi, anakaa na mvuvi au mkulima anaandika nota na maneno ya wimbo papo hapo kadiri mtu anavyoimba. Baadaye akaenda redio ya Ayalandi halafu BBC na mashine za kurekodia. Kwa hiyo ukisachi Séamus Ennis unampata mara mbili, unampata akipiga mwenyewe, na unampata kama mtu aliyerekodi wengine, na wote aliowarekodi ni wa kusikiliza. Alimrekodi Pádraig O'Keeffe, mwalimu wa fidla wa Sliabh Luachra, huko mpakani mwa Cork na Kerry, pamoja na wanafunzi wake Denis Murphy na dada yake Julia Clifford, na fidla zile zikipiga polka huwezi kukaa kwenye kiti.

Zumari ninalolisema hapa sio lile la wanajeshi wa Uskoti la kupuliza kwa mdomo. La Ayalandi, uilleann, mpigaji anakaa chini, mfuko uko chini ya kwapa moja na kiriba cha kusukuma upepo kinafanya kazi chini ya mkono mwingine, mdomo haugusi kitu, na kuna mirija ya pembeni anaibonyeza kwa kifundo cha mkono kutoa sauti za kuitikia. Kama fundi wa vyombo nakwambia kile ni chombo kigumu kukitengeneza na kigumu kukipiga, UNESCO waliuweka upigaji wake kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017 na wanastahili. Ukitaka kuanza anza na Willie Clancy wa Miltown Malbay, kaunti ya Clare, aliyefariki 1973, na mpaka leo kila Julai wapigaji wanajaa kwenye ule mji kusoma muziki kwa jina lake. Halafu Leo Rowsome, halafu Liam O'Flynn.

Hapo nimetaja mahali mara nyingi na sio bahati mbaya. Ukiandika Donegal kwenye sachi pamoja na neno fiddle unapata kitu kimoja, ukiandika Clare unapata kingine kabisa. Donegal wanapiga kwa nguvu, upinde unakata nota moja moja, na watu wa kule walikuwa wanaenda Uskoti kufanya vibarua vya msimu wakarudi na tuni za huko, msikilize John Doherty uone. Clare wametulia zaidi, wanaipa tuni nafasi ipumue. Hizi tofauti ndizo utamu wenyewe na pleilisti haitakuonyesha hata moja.

Kama unapenda kundi kuliko mtu mmoja sina ugomvi. The Chieftains wa Paddy Moloney, walioanza 1962 Dublin, albamu zao za mwanzo zilizotoka Claddagh ndo nazipenda, zile za baadaye na masupasta wa nje naziacha. Planxty, kuanzia 1972, mle ndani yuko huyo huyo Liam O'Flynn na zumari. The Bothy Band walidumu miaka michache tu ya katikati ya 70 lakini moto wao haujazimika, na Altan kwa upande wa Donegal.

Lebo nazo zikariri. Claddagh ilianza 1959 na santuri yao ya kwanza ilikuwa ya Leo Rowsome huyo niliyemtaja, yaani walianza na zumari tupu kipindi ambacho hakuna aliyedhani litauza. Topic ya London ni ya tangu 1939 na ina Waayalandi wengi mno. Kwa Uskoti tafuta Greentrax, kwa Wales tafuta Sain, ya tangu 1969, ndani yake sachi kinubi chao chenye safu tatu za nyuzi. Ukiona albamu haina jina la lebo au lebo yenyewe hujawahi kuiona popote pengine na kwenye kava kuna ngome, pita.

Kuna jambo lingine linawapoteza wengi, majina ya nyimbo. Hawa jamaa hawapigi tuni moja wakaacha, wanaunganisha mbili au tatu bila kusimama, rili baada ya rili au jigi baada ya jigi, hizo ni aina za tuni za kuchezea, na kwenye santuri zote zinakuwa wimbo mmoja. Kuna rekodi ya Coleman ya 1934 ina rili tatu mfululizo, The Tarbolton, The Longford Collector na The Sailor's Bonnet, na mpaka leo wapigaji wakianza ya kwanza utawasikia wanaendelea na hizo nyingine mbili kwa mpangilio ule ule. Sasa aliyeipandisha akiandika jina la kwanza peke yake wewe unayetafuta ile ya tatu huioni ng'o, na iko hapo hapo. Juu ya hilo tuni moja ina majina manne matano kutegemea na kaunti, na jina moja linapewa tuni tofauti. Dawa yake ni mtandao unaitwa The Session, ni wa bure, wapigaji wa dunia nzima wameweka humo tuni kwa maelfu, kila tuni na majina yake yote na albamu ilizomo, unaangalia kwanza pale ndo unaenda kudaunlodi ukijua unatafuta nini.

Majina ya watu vile vile yana sura mbili. Joe Heaney ni yule yule Seosamh Ó hÉanaí, mwimbaji mkubwa wa sean-nós wa Carna, Connemara, aliyezaliwa 1919, akafanya vibarua Uingereza, akahamia New York akawa mlinzi wa mlangoni kwenye jumba la maghorofa, mwishoni akawa anafundisha chuo kikuu cha Washington kule Seattle mpaka anafariki 1984. Sachi majina yote mawili maana kazi zingine ziko chini ya hili na zingine chini ya lile, na huduma nyingine hazijui kama ni mtu mmoja. Zile alama ndogo juu ya herufi nazo andika, kuna sehemu ukiziacha unapata majibu mengine.

Kinachoniuma mimi zaidi kwenye huduma hizi ni kwamba wametupa maelezo. Santuri ya zamani au hata sidii ilikuwa na kijitabu, kimeandikwa hii tuni fulani aliipata kwa mjomba wake, hii aliisikia kwa wasafiri waliokuwa wanatengeneza vyombo vya bati, hii inapigwa kwenye harusi, fidla imefungwa nota fulani. Kwenye muziki wa asili hayo maelezo ni nusu ya kitu chenyewe, nani kampa nani. Wewe unalipia albamu ile ile unapewa faili lenye jina la wimbo na pale kwenye mtunzi wameandika Traditional basi. Nimewahi kuandika kwa huduma moja kubwa nikiuliza kwa nini kijitabu hakiji na albamu niliyoilipia, sikujibiwa. Na hawana kisingizio, faili la kurasa ishirini ni dogo kuliko wimbo mmoja, kinachokosekana ni mtu wa kuliweka. Mpaka watakapobadilika tegemea hifadhi ya Irish Traditional Music Archive ya Dublin, ipo tangu 1987, wana picha, vitabu, nota na rekodi nyingi unasikiliza mtandaoni bure.

Uskoti wametuzidi wote kwa hili. Wana mtandao unaitwa Tobar an Dualchais, umebeba rekodi za ile taasisi ya utafiti wa mila pale chuo kikuu cha Edinburgh iliyoanza 1951, pamoja na za BBC na za kisiwa cha Canna, maelfu kwa maelfu, na kila rekodi imeandikwa nani anaimba, wa wapi, nani alirekodi, mwaka gani, aliupata wapi wimbo. Kudaunlodi huruhusiwi ila kusikiliza ni bure, na kwa bando la kawaida inakwenda vizuri maana ni sauti tu. Anza na nyimbo za kufinyanga kitambaa za akina mama wa Barra na visiwa vya magharibi. Walikuwa wanakaa kuzunguka meza ndefu, kitambaa kizito cha sufu kimelowa, wanakipiga mezani na kukipitisha mkono kwa mkono ili kishikane, mmoja anaanzisha mstari wengine wanaitikia kwa maneno ambayo mengi ni ya mdundo tu, na kishindo cha kitambaa mezani ndo ngoma yenyewe. Mi nilipowasikia mara ya kwanza niliwaza wavuvi wetu hapa ufukweni wakivuta juya, mmoja anaita, wote wanajibu na kuvuta, mdundo unatoka kwenye kazi. Ukitaka za kudaunlodi kabisa ziko Greentrax, kuna mfululizo mzima wa rekodi za taasisi hiyo hiyo. Na Bretagne wana Dastum, hifadhi ya tangu 1972, humo tafuta kan ha diskan, waimbaji wawili, wa pili anadaka maneno ya mwisho ya mwenzake kabla hajamaliza na watu wanacheza kwa sauti hizo mbili tu usiku kucha. Dada watatu wa ukoo wa Goadec waliimba hivyo mpaka uzeeni, wasikilize.

Kuhusu kulipia nitasema kwa kifupi. Kama unataka wimbo ubaki wako hata bando likiisha, nunua faili, usitegemee kusikiliza kwa mwezi. Mi napendelea Bandcamp, wapo tangu 2008, kwenye mauzo ya faili wanakata asilimia 15 ikishuka mpaka 10 kwa anayeuza sana, kinachobaki baada ya gharama za malipo kinamfikia mpigaji au lebo yake, mara nyingi unasikiliza albamu nzima kabla hujatoa hela, ukishanunua unaweza kuidaunlodi tena simu ikipotea, na wapigaji wengine wanaweka kile kijitabu. Unalipa kwa kadi ya Visa au Mastercard, hata ile ya mtandaoni wanayotoa baadhi ya mitandao ya simu inakubali. Chukua faili la MP3 la ubora wa 320, albamu ya dakika 45 inakuwa kama MB 108, ile FLAC, yaani faili lisilopunguzwa sauti, ni tamu zaidi ila inapita MB 200 kirahisi, hiyo ngojea bando la usiku.

Na kwa vile nimelitaja jina la Mzee Hukwe naomba niseme na wenzangu wa hapa. Vijana wetu wanapandisha ngoma za Wazaramo, Wakwere na Wagogo mtandaoni wakiandika "African traditional drums" ili wapate wasikilizaji wa nje, jina la mpigaji hakuna, kijiji hakuna, wimbo wa nini hakuna. Mnajiweka kwenye lile shimo lile lile lililowameza akina Coleman. Andikeni jina la mzee anayepiga, andikeni Kaole au Chamwino au popote anapotoka, andikeni kama ni ya jando au ya mavuno, jina la chombo liandikeni kwa lugha yake, msibadilishe zeze liwe kitu kingine. TaSUBa nao wana rekodi za matamasha ya miaka na miaka tangu enzi za chuo, tunaomba waziweke mahali tusikilize zikiwa na majina hayo kama walivyofanya watu wa Edinburgh, inawezekana.

Mhariri, ombi langu la mwisho ni kwa safu ya teknolojia. Naomba mchapishe tena haya majina niliyoyataja, mkiyaweka vizuri na alama zake zote, Ó hÉanaí, Ó Lionáird, Pádraig, Séamus, ili msomaji ayanakili herufi kwa herufi. Na ndugu wa Chumbageni, leo jioni andika Willie Clancy, sikiliza albamu yoyote utakayoona ya Topic, halafu wiki ijayo uandike humu utuambie umeonaje, nitakuwa naliangalia gazeti.

Fundi wa vyombo vya asili,
Dunda, Bagamoyo